Mrithi wa Empire ni Kibanda Umiza

Hotuba kwa wanafunzi wa usanifu majengo na wakazi wa mji, Upanga, Dar es Salaam

Mgeni rasmi, wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, na nyinyi wanangu wanafunzi, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie kufa kwa majumba ya sinema ya Dar es Salaam. Nimeitikia wito, ila kichwa hicho nimekiacha nyumbani. Yatakayofuata huenda yakawaudhi wapenzi wa majengo ya zamani, maana kwa macho yangu sinema ya mji huu haijafa. Imehama. Na huko ilikohamia ni mahali ambapo watu wa heshima zenu mnapita vioo vya gari vikiwa vimepandishwa.

Nianze na ramani, kwa kuwa nina wachoraji mbele yangu. Waingereza waliugawa mji huu kwa rangi za watu bila kuona haya. Oysterbay na ufuko wa kaskazini kwa Wazungu. Mitaa ya maduka, katikati ya mji, kwa Wahindi. Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Na kati ya Kariakoo na mitaa ya maduka wakaacha uwanja mtupu, ndio huo Mnazi Mmoja tunaoufahamu, eti kwa ajili ya afya ya mji. Sasa niambieni, majumba ya sinema yalijengwa upande gani? Empire, Empress kwenye barabara tunayoiita Samora, Avalon mtaa wa Zanaki, Odeon, Cameo, New Chox kule Nkrumah: yote haya upande wa mjini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Kijana wa Kariakoo aliyetaka kwenda picha Jumapili ilimbidi aukate uwanja uliowekwa makusudi ili asivuke. Akaukata. Shati limepigwa pasi ya mkaa, nywele zimechanwa, kiingilio kimefumbatwa mkononi kisije kikadondoka.

Mimi nasema hapo ndipo penye uzito wa habari nzima. Bomani kulikuwa na kiti chako, klabuni kulikuwa na mlango wako, hospitali ilikuwa na wodi yako. Kwenye sinema taa zikizimwa mambo yalianza kulegea. Bei ya kiti bado ilikutenga, balkoni ilikuwa ya wenye nacho na viti vya mbele kabisa, vya kuvunja shingo, vilikuwa vya wenye senti. Lakini adui akimvizia stelingi kwa nyuma, balkoni na mbele walipiga kelele pamoja.

Wenye majumba walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, na biashara hii Unguja waliijua mapema. Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga Royal Theatre pale Mjini mwaka 1921, jumba lililochorwa na Mwingereza J. H. Sinclair, ambalo baadaye liliitwa Majestic. Kiwanja chake, hela yake, na picha alitafuta mwenyewe kutoka Bombay, London au Cairo. Tafadhali likumbukeni hilo la kiwanja, hela na picha kuwa chini ya mtu mmoja, kwa sababu nitalirudia.

Serikali ya kikoloni yenyewe iliiogopa sinema. Wakaguzi waliweza kuruhusu picha kwa Wazungu na Waasia na kuizuia kwa Waafrika, kwa hofu kwamba tukimwona Mzungu amelewa au anaiba benki tutapoteza adabu. Wakaona afadhali watutengenezee picha zetu. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walikuwa na mradi wa kupiga picha za mafunzo kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga za kilimo, za minyoo, za kuweka akiba posta, kisha wakazizungusha kwa lori vijijini. Nia naielewa, na minyoo ni tatizo. Lakini mtu aliyelima tangu alfajiri hadi jua kali, jioni umkalishe kwenye nyasi umwonyeshe namna ya kulima?

Kulitokea jambo moja zuri katika mkondo huo, na vijana wengi hawalijui. Mwaka 1952 ilitoka picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, iliyopigwa hapa Tanganyika, na stelingi wake alikuwa mtumishi kijana wa serikali aitwaye Rashidi Kawawa. Naam, Simba wa Vita mwenyewe. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Sijui nchi nyingine ngapi zinaweza kusema Waziri Mkuu wao alianza kwa kuuza sura kwenye skrini, na sisi hatusemi.

Watu wa mjini, hata hivyo, walikuwa wameshachagua. Walimtaka Raj Kapoor. Picha za Kihindi zilikuwa ndefu, zina nyimbo, zina mama analia, zina tajiri dhalimu na maskini mwenye haki, na mwishoni haki inapatikana baada ya makofi ya kutosha. Lugha haikuwa kizuizi, maana aliyekaa jirani yako alikuwa ameiona mara tatu na alikutafsiria bila kuombwa. Nyimbo zilitoka ukumbini zikaingia kwenye taarabu zikavaa maneno ya Kiswahili. Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wakaweza kwenda picha bila mume wala jirani kupata la kusema. Baadaye wakaja wacheza karate kutoka Hong Kong, na nadhani wazee wengi humu, msiinamishe vichwa, mlirudi nyumbani mkavunja kitu.

Niseme kidogo juu ya chumba cha mashine, maana nimekulia humo. Marehemu baba alikuwa opareta katika jumba mojawapo la mjini, na mimi nilikuwa nampelekea chakula cha jioni. Kilikuwa chumba kidogo chenye joto la kuokea mikate, na mashine mbili zimesimama sambamba zikitazama ukumbi kupitia vidirisha viwili. Mwanga haukutoka kwenye balbu. Ndani ya taa kulikuwa na vijiti viwili vya kaboni vilivyoelekezana ncha, na umeme uliporuka kati yake ulitoa cheche nyeupe ambayo hukuweza kuitazama bila kioo cheusi. Kaboni inaungua, inafupika, pengo linapanuka, mwanga unakuwa wa njano. Kwa hiyo baba alikuwa na mkono mmoja kwenye kitasa, anavisogeza taratibu picha nzima, kama mtu anayepunguza na kuongeza utambi wa kandili.

Gurudumu moja la mkanda lenye futi 2,000 huenda dakika ishirini na kitu. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni magurudumu manane, tisa. Kila moja likikaribia kwisha, juu pembeni mwa picha upande wa kulia hutokea doa la mviringo, kufumba na kufumbua limepotea. Doa la kwanza: washa mota ya mashine ya pili. Linapita sekunde chache, la pili: fungua huku, funga kule. Akifanya sawasawa ukumbi mzima haujui kwamba pameguswa kitu. Akikosea, watu mia kadhaa wanageuka nyuma na kulitaja jina la kazi yake pamoja na la mama yake. Baba alikuwa hali mpaka picha imalizike. Wali ulipoa, na mimi ndiye nilikuwa naula.

Huko chini mlangoni kulikuwa na kazi nyingine, ya walanguzi. Picha mpya ya Kihindi ikifika, tikiti zilinunuliwa asubuhi na vijana wachache wenye misuli na zikauzwa jioni kwa bei ya juu kwa baba wa watu aliyekuja na mke, watoto na shemeji. Atafanyaje? Awarudishe nyumbani? Polisi walikuja, walanguzi walitawanyika, polisi wakaondoka. Nawajua wawili waliojenga nyumba kwa kazi hiyo. Mmoja ni mzee wa msikiti siku hizi na tunaheshimiana sana.

Sasa Drive-In, ile sinema ya wazi unayoiangalia ukiwa ndani ya gari. Najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa.

Ubunifu wenyewe ni wa Richard Hollingshead wa Camden, New Jersey, kule Marekani. Alijaribu kwanza uani kwake: projekta juu ya boneti ya gari, shuka limepigiliwa kwenye miti. Juni 1933 akafungua biashara. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 50 Marekani ilikuwa na sinema za namna hiyo zaidi ya 4,000. Nchi yenye magari, ardhi ya bei nafuu pembezoni mwa miji, na wazazi wasiotaka kumlipa mtu wa kukaa na watoto. Nairobi walikuwa nazo, Belle-Vue na Fox. Sisi ya kwetu ilifunguliwa mwaka 1966, upande wa Msasani.

Tazameni mwaka. 1966. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Yaani nchi inatangaza Ujamaa na Kujitegemea ikiwa imeshazindua sinema ya kuangalia ukiwa umekaa ndani ya gari lako, katika mji ambao wengi wa wakazi wake walikuwa wanatembea kwa miguu. Mtu anaweza kucheka. Mimi nilipokuwa kijana mwenye siasa kali nilicheka sana. Lakini Drive-In iliendelea kuonyesha picha miaka yote ya Ujamaa, na waliokuwa wanaijaza wanajua sababu. Mji mpya ulitaka kujiona mpya. Ulikuwa umepata uhuru wake, una chuo kikuu kilimani, unataka na usiku wake.

Na kwa hali ya hewa yetu, Drive-In ilifaa Dar kuliko ilivyowafaa wenyewe Wamarekani. Kwao majira ya joto jua linachelewa kuzama, na serikali yao iliposogeza saa mbele nchi nzima tangu 1967, picha ikawa haiwezi kuanza mpaka watoto wamesinzia. Majira ya baridi ndiyo basi kabisa, theluji. Hapa jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na kabla kidogo ya saa moja, Januari hadi Desemba. Ukiondoa masika, ambapo vifuta maji vya kioo ndivyo vilivyokuwa stelingi, mwenye Drive-In ya Dar alikuwa na giza la uhakika na upepo wa bahari bure.

Wanafunzi, muufikirie uwanja wenyewe kama jengo. Ardhi inakatwa matuta yaliyojipinda mbele ya skrini, kila tuta limeinuka ili pua ya gari itazame juu na aliye nyuma aone juu ya paa la aliye mbele. Kati ya magari kuna nguzo, juu ya nguzo kuna spika ndogo ya chuma yenye waya, unaichukua unaining'iniza dirishani. Huo ndio ufundi wote. Hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna kiti. Familia za Upanga na Kisutu zilikuja na mikeka, sufuria za pilau zilizofungwa kwa kitambaa, kachori, chupa za chai, bibi anakalishwa kwenye kiti cha kukunja mbele ya gari kama malkia. Pikapu moja ilibeba ukoo. Watoto walicheza chini ya skrini mpaka taa zizimwe na waliitwa kwa majina yote ya marehemu babu zao.

Leo pale pamesimama Ubalozi wa Marekani. Ubalozi wa zamani, ule wa barabara ya Laibon, ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 wakafa, na jengo jipya likaja kujengwa kwenye kiwanja kilichokuwa cha Drive-In. Eneo kubwa, limekaa peke yake, unaweza kurudisha ukuta mbali na barabara. Sifa zilezile zilizokifaa kiwanja kwa magari na picha ndizo zilizokifaa kwa ulinzi. Kule Marekani kwenyewe Drive-In zimebaki kama 300 tu, na kilichoziua nyingi ni hichohicho kiwanja: mji ulizifuata mpaka pembezoni, na ekari zinazofanya kazi kwa muda wa saa nne tu kila usiku zikashindwa kulipa kodi mbele ya maduka yanayofanya kazi kutwa.

Turudi mjini, kwenye lile la kiwanja, hela na picha.

Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya taifa chini ya Msajili wa Majumba. Majumba mengi ya sinema yakaingia humo. Aliyelijenga jumba akaamka mpangaji ndani ya jumba lake. Kabla ya hapo, 1968, ilikuwa imeundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na miaka ya mwanzo ya 70 ikakabidhiwa uingizaji na usambazaji wa picha. Sipendi kuikejeli kazi hiyo. Wapo wazee humu walioifanya kwa moyo, na sababu yake ilikuwa nzuri: fedha ya tikiti ibaki nyumbani, itengeneze picha zetu wenyewe. Tatizo lilikuwa la mpangilio. Nyumba ikawa ya Msajili, picha ikawa ya Kampuni, na mwenye jumba akabaki na funguo na hasara. Paa likivuja, nani anatengeneza? Mpangaji anasema nyumba si yake. Mwenye nyumba ana maelfu ya nyumba nyingine zinazovuja. Watazamaji wakichoka na picha moja, nani anatafuta nyingine? Unaandika barua.

Halafu fedha za kigeni zikakauka. Mafuta yalipanda bei, tukaenda vitani na Iddi Amin 1978 na 1979, na nchi iliyokuwa inatafuta dola ya kununulia dawa isingeweza kutoa dola ya kununulia picha mpya. Wala kaboni. Baba alikuwa anaunganisha vipande vya kaboni vilivyobaki ili vifike mwisho wa gurudumu. Mikanda ilikwaruzika mpaka ikawa inanyesha mvua kwenye picha ya jangwani. Na kwa wale wa Drive-In lilikuja la kwao: katika miaka hiyo ya mafuta haba magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumapili, jamani. Siku ya familia, siku ya picha ya Kihindi. Sinema ya magari katika mji usioruhusiwa magari.

Kilichofuata nitakipitia haraka kwa sababu mlikuwepo. Deki ya video ikaingia na mabaharia, na ndugu wa Dubai na Muscat. Milango ya biashara ikalegezwa 1984, mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi. Bara hatukuwa na televisheni hata kidogo. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, na wenye antena ndefu mjini hapa waliidokoa kwa kuvuka bahari. Watu wakanunua televisheni kwa ajili ya deki tu. Familia zilizokuwa zinajaza balkoni zikaanza kukaa sebuleni. Mwaka 1994 vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo, na mwisho wa miaka ya 90 majumba mengi ya zamani yalikuwa yameshafungwa. Msajili mwenyewe alikuwa ameshamezwa na Shirika la Nyumba tangu 1990.

Hapa ndipo hotuba za namna hii huwa zinamalizika, tunapiga picha ya pamoja na kunywa soda. Mimi ndio kwanza nafika nilikokuwa nakwenda.

Sensa ya 1967 iliukuta mji huu na watu wapatao 273,000, na sinema zake mtu angeweza kuzizungukia kwa miguu jioni moja. Sensa ya 2022 imeukuta mkoa na watu 5,383,728. Sinema ziko wapi? New World ilikaa Mwenge, Suncrest ikaja Quality Centre, Cinemax ikaingia Mlimani City. Viti ni laini, sauti inatikisa kifua, bisi zinanukia siagi. Sina ugomvi nazo, wajukuu zangu wananipeleka. Lakini nani mwingine anafika? Kumbi za namna hiyo nyingi ziko ndani ya maduka makubwa yaliyopangwa kwa ajili ya mwenye gari, picha ya mwisho inatoka daladala zikiwa zimepungua, na kwa bei ya tikiti moja kijana wa Tandale anakula siku mbili. Zile ni Drive-In zenye paa.

Kijana wa Tandale yeye anakwenda kibanda umiza.

Nilikwenda mwezi uliopita, nikapelekwa na fundi anayenitengenezea jiko. Mabati pande zote, paa la mabati, magunia yameshonewa juu ya matundu ili mwanga usiingie. Mabenchi ya mbao za kufungia zege, yamekaa sakafuni pasipo mteremko wowote, kwa hiyo walioko nyuma wanasimama juu yake. Mlango mmoja. Televisheni mbili zimewekwa kwenye kimeza cha chuma chenye kufuli, feni moja inayozunguka ikitaka. Kiingilio shilingi 500. Nje pana ubao mweusi: saa nne asubuhi picha ya Kikorea iliyotafsiriwa, saa nane ya Kihindi, saa kumi na mbili Simba, saa nne usiku ligi ya Uingereza. Mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga mlangoni na kachumbari yenye pilipili isiyo na huruma.

Na humo ndani nikamkuta jirani yule wa Empire aliyeiona mara tatu. Siku hizi amepewa kipaza sauti. Lufufu ndiye aliyetufungulia njia hiyo, marehemu Derek Mukandala, enzi za kanda za VHS: anakaa juu ya picha ya kigeni, anaisimulia kwa Kiswahili, anaeleza huyu ni nani na kwa nini amekasirika, anatia chumvi, anatania. Wasomi wengine wanasema ni uharibifu wa kazi ya mtu. Wanafunzi wake wako wengi na kazi zao zinasikilizwa katika kila kona ya mji. Wale vijana kwenye mabenchi walikuwa wanamjibu msimulizi, wanamwonya stelingi, wanazomea adui. Ukumbi wa Cinemax ukizungumza, mtu anakugeukia na kukunja uso.

Mnakumbuka Steven Kanumba alipofariki, Aprili 2012. Mji ulisimama. Leaders pale palifurika mpaka watu wakazimia. Umati ule ulimjua kwa DVD iliyonunuliwa Kariakoo, sebuleni kwa shangazi, au kwenye mabati kama haya. Wengi wao hawakuwahi kumwona kwenye skrini kubwa hata siku moja. Msanii mkubwa kuliko wote wa filamu wa kizazi chake, katika mji huu, na mji haukuwa na jumba la kumwekea kwa bei ya mashabiki wake.

Najua mtakayoniambia, na mengi ni kweli. Picha zinazoonyeshwa humo nyingi hazijalipiwa haki. Watoto wanatoroka shule. Mlango mmoja, waya zinaning'inia, siku moto ukitokea tutazika watu. Ndiyo. Na dawa yetu mpaka leo ni mgambo: anakuja, anabeba televisheni, mwenye kibanda anazungumza naye, televisheni inarudi. Hofu yetu juu ya vijana waliokaa gizani inanikumbusha wakaguzi wa Kiingereza zaidi ya ninavyopenda kusema hadharani.

Ninachoomba ni mambo ya kawaida kabisa. Nyinyi wanafunzi wa usanifu, badala ya kunichorea kila mwaka mpango wa kuligeuza jumba la zamani kuwa makumbusho, nichoreeni kibanda. Milango miwili. Sakafu yenye mteremko wa udongo ulioshindiliwa, kama matuta ya Drive-In, ili wa nyuma aone akiwa amekaa. Hewa iingie, mwanga usiingie, na gharama iwe ile ambayo mtu mwenye mabenchi kumi anaweza kukopa kikoba akalipa. Ni kazi ngumu kuliko makumbusho, na profesa wenu hapa anatikisa kichwa, ameniunga mkono au amekasirika, tutajua baadaye.

Nyinyi watengenezaji wa filamu, mnalia kwamba hamna kumbi. Mnazo, ziko kila mtaa. Uzeni ruhusa ya kuonyesha kwa wiki, kwa bei ya kibanda, kwa simu. Bodi ya Filamu na wenzao wa hakimiliki watoe leseni ndogo inayolipika, maana leseni isiyolipika inamlisha mgambo peke yake. Mwenye kibanda akishakuwa na karatasi, mtamwambia habari ya watoto na saa za shule na atasikia, kwa kuwa atakuwa na kitu cha kupoteza.

Na majumba ya zamani? Likipatikana hata moja ambalo mwenye nyumba na mwenye picha wanakubali kuwa kitu kimoja, liwashwe. Tangu 2016 mwendokasi unamtoa mtu Kimara hadi Posta bila gari lake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kijana wa mbali anaweza kufika mjini jioni, na kurudi. Wekeni filamu ya Kiswahili, tikiti ya bei ya kibanda mara mbili, imalizike kabla basi la mwisho halijaondoka. Msianze na rangi ya ukuta, anzeni na ratiba ya basi.

Nimemaliza. Tuna muda wa maswali, na yule mzee wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipotaja walanguzi, kwa hiyo tumpe yeye kwanza kabla hajachelewa swala.